BABU WA DIRISHANI: Kidonge kimoja, majina mawili

*Mfamasia mstaafu wa Mtwara, aliyekaa miaka 31 kati ya dirisha la dawa na wodi, anajibu barua za wasomaji.*

Shikamoo Babu. Baba yangu ana miaka 71, tunaishi Newala. Ana presha na sukari. Presha anatumia enalaprili na kidonge cha kukojoa, sukari anatumia Daonil. Mwezi wa saba alikuwa anasafisha chini ya mikorosho, mgongo ukamkamata, akanunua diklofenaki duka la dawa akameza wiki nzima. Ikafuata homa, kikohozi na kutapika. Tukampeleka hospitali, akalazwa, wakasema nimonia.

Siku ya tatu alfajiri nilikuta shuka limelowa chapachapa, mwili wa baridi, ananiita kwa jina la shangazi ambaye tulishamzika. Kaka yangu akasema hii si ya hospitali, akaanza kupiga simu kijijini. Nesi akamchoma kidole, mashine ikasoma sukari 1.9, iko chini mno. Wakamwekea sukari ya mshipani, akarudi, akaomba chai. Saa saba mchana akarudia yaleyale. Sasa yuko nyumbani, mzima. Ndugu wamegawanyika: wengine wanasema alirogwa, wengine wanasema alipewa dawa feki. Mimi nina jambo sijamwambia mtu. Niliona wodini hawampi Daonil yake, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nampa mwenyewe kutoka kwenye mkoba wangu. Babu, ni mimi? — Binti wa Newala

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Naanza na swali la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi. Ulichangia. Lakini hukuwa peke yako, na kwenye foleni ya waliochangia hukuwa wa kwanza.

Daonil ni jina la biashara. Dawa yenyewe inaitwa glibenklamaidi, na hospitali nyingi hutoa hiyohiyo ikiwa na jina la kiwanda kingine, pengine na rangi nyingine. Ukiona hawampi Daonil, haina maana kwamba hawampi dawa ya sukari. Ni kama mtu anayeitwa Juma nyumbani na Mwalimu shuleni: ukiwapakulia wote wawili, mmoja atakula sahani mbili. Nina hakika karibu yote kwamba baba alikuwa anameza glibenklamaidi ya nesi asubuhi na ya kwako jioni.

Sasa turudi shambani, maana mambo yalianzia chini ya mkorosho.

Mama zetu wanakamua tui kwa kifumbu. Nazi hata iwe nzuri vipi, mkono usipokamua hakitoki kitu. Figo nayo ni hivyo, inachuja kwa sababu damu inaingia kwa shinikizo. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Enalaprili hulegeza mshipa unaoitoa. Kidonge cha kukojoa hupunguza maji mwilini. Kila moja kwa wakati wake ni dawa ya maana, na hiyo enalaprili wenye sukari hupewa makusudi ili iwalindie figo. Ila zikikutana zote tatu kwa mzee wa miaka 71 anayetapika na hanywi maji, mkono umeachia kifumbu. Baba hakusikia maumivu yoyote ya figo, maana figo haina kelele. Pengine alikojoa kidogo tu, na nani anampimia mzee mkojo?

Glibenklamaidi hutegemea figo kwa sehemu kubwa ili itoke mwilini. Figo zikizembea, ya leo inaikuta ya jana bado imekaa. Kazi yake ni kulilazimisha kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, iwe mtu amekula au hajala. Baba hakuwa anakula. Mwenye nimonia mdomo ni mchungu. Hapo ongeza na kidonge cha jioni kutoka mkobani. Hiyo 1.9 haikuhitaji mchawi.

Na ndiyo maana ilirudi mchana. Sukari ya mshipani hufanya kazi haraka na huisha haraka, wakati dawa iliyoishusha inaweza kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Mtu aliyeshushwa sukari na insulini ya muda mfupi unaweza kumpa sukari, akala, mkaendelea na mambo yenu. Aliyeshushwa na glibenklamaidi, tena mzee, tena mwenye figo mashakani, anachomwa kidole kila baada ya saa chache hadi siku ya pili yake. Alipoomba chai mlifurahi, na wauguzi nao walifurahi, wakahamia kitanda kingine.

Kuhusu dawa feki: feki kwa kawaida haifanyi kazi. Hii ilifanya kazi kupita kiasi.

Walio mbele yako kwenye foleni ni hawa. Muuza duka aliyempa mzee wa presha diklofenaki ya wiki nzima bila kumuuliza anatumia nini kingine. Aliyemlaza bila kusimamisha dawa ya kushusha sukari kwa mtu asiyekula. Na wote tulioendelea kuwapa wazee glibenklamaidi kwa mazoea, wakati Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, lilishaweka angalizo kwamba haiwafai waliovuka miaka 60. Mimi mwenyewe nimeitoa dirishani kwa wazee wengi mno. Kisha, la mwisho, hakuna aliyekuuliza: mna dawa gani mkobani? Nawe ulinyamaza ukiogopa kufokewa. Siwezi kukulaumu, nimewasikia wanaofoka.

Usidhani ni mambo ya kwetu tu. Mwaka 1995 mtafiti David Bates na wenzake walitoa uchunguzi wa hospitali mbili kubwa za Boston, Marekani, zenye kila kitu. Kwa kila wagonjwa 100 waliolazwa, walikuta madhara ya dawa 6.5, na zaidi ya robo ya hayo yangeweza kuepukwa. Mengi ya hayo ya kuepukika yalianzia kwenye kalamu ya aliyeandika dawa, yakifuatiwa na mkono wa aliyempa mgonjwa.

Cha kufanya sasa. Mrudishe baba kliniki wampime krieatinini, kile kipimo cha damu cha figo, na uwaambie wazi kilichotokea ili wambadilishie dawa ya sukari. Diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni asiziguse bila daktari. Mgongo apewe parasetamoli. Mkilazwa tena, vidonge vyote vitieni kwenye mfuko mmoja pamoja na maboksi yake, mkabidhi nesi siku ya kwanza, na kuanzia hapo asimeze kitu ambacho hakikutoka kwenye toroli la dawa. Mfuko huo uingie na mizizi na ile chupa ya dawa ya nguvu ambayo wazee huificha chini ya mto. Nazijua hizo chupa.

Kaka yako mwambie mimi sina ugomvi na kijijini, ila mgonjwa wa sukari akitoa jasho la baridi na kuweweseka, kidole kichomwe kabla simu haijapigwa.

Babu shikamoo. Nimeanza dawa za TB wiki iliyopita. Mkojo wangu umekuwa rangi ya Fanta na hata jasho limetia doa shati jeupe. Nimeogopa, jana sikumeza. — Kijana, Kilwa Kivinje

Marahaba. Meza leo. Hiyo ni rifampisini, ina rangi yake na inapita nayo kokote inakopita, mpaka kwenye machozi. Ungesema mkojo haujabadilika ndipo ningekuuliza kama unameza kweli. Kilichoniudhi ni kwamba aliyekupa dawa hakukwambia. Sentensi moja tu, ukaikosa, ukaruka siku.

Kitakachokutoa nyumbani mbio ni macho kuwa ya njano, chakula kukukataa kabisa, kichefuchefu kisichokoma na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hapo ini linalia, nenda siku hiyohiyo na usisubiri tarehe ya kliniki. Msimu wa mabibo ukifika, uraka, ile pombe yake, uuonee kwa mbali. Na kama nyumbani kuna VVU, au mwenzio mwenye dawa hizi anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mtoa dawa aambiwe, maana rifampisini hupunguza nguvu ya dawa nyingi.

Shikamoo Babu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, niko wodini kwa mafunzo hapa Mtwara. Usiku tunakuwa wawili kwa wagonjwa 40. Tumefundishwa kuwa mgonjwa yeyote anaweza kudhuriwa na dawa. Sawa, lakini siwezi kuwaangalia wote. Nianze na nani? — Mwanafunzi

Marahaba, mjukuu. Jibu la swali lako nilifundishwa na mvuvi mmoja.

Ilikuwa miaka ya tisini, hospitali siitaji. Mzee wa miaka sitini na kitu alilazwa na kidonda cha mguu ambacho uchafu wake ulishaingia kwenye damu. Akapewa jentamaisini, sindano ya kuua vijidudu. Kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba, akapewa na Lasix, dawa ya kukojoa. Kila asubuhi chati yake ilipita mikononi mwangu nami nikaweka saini. Kemikali za kupima figo zilikuwa zimeisha maabara, tukaendelea hivyohivyo. Siku ya tisa mkewe alimwambia nesi kwamba mzee anasikia nyenje masikioni. Nesi akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Analalamika kelele masikioni." Nilisoma. Nikaweka saini. Sindano ziliendelea hadi siku ya 14, kidonda kikapona, tukampongeza, akaenda zake.

Kama miezi miwili baadaye akaja dirishani. Niliita jina lake mara tatu na watu kwenye benchi wakaanza kucheka. Mkewe akamgusa bega. Alipofika mbele yangu hakunitazama machoni, alinitazama midomo. Akaniambia, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, kwamba siku hizi havui mbali, maana wenzake wakimpigia kelele kuwa upepo umegeuka yeye hasikii.

Jentamaisini ni dawa nzuri, bei yake ndogo, imeokoa vichanga wengi. Lakini mlango wake wa kutokea ni figo, na ikirundikana inaua chembe za sikio la ndani, ambazo hazioti tena. Lasix huongeza makali hayo. Umri mkubwa, figo ambazo hazikupimwa, siku nyingi za dawa, na dawa ya pili yenye kasoro ileile vilikuwa vimelala kitanda kimoja. Na mgonjwa mwenyewe alishatuambia.

Kwa hiyo ukipokea zamu, kabla hujazunguka, kaa na chati uhesabu dawa. Dawa mbili zina jozi moja tu ya kugombana. Tano zina jozi 10. Nane zina jozi 28, na hakuna kichwa kinachobeba jozi 28 saa nane za usiku, hata cha daktari bingwa. Mwenye chati ndefu ndiye wa kwanza, na akiwa mzee usimpite.

Baada ya hapo acha chati, tumia macho. Sahani ya ugali iliyorudi imefunikwa kwa mtu anayechomwa insulini ni taarifa. Mfuko wa mkojo ambao haujapanda tangu jioni ni taarifa pia. Mtoto ambaye hakuna aliyempima uzito, dozi yake ni ya kubahatisha hata kama imeandikwa kwa wino mzuri, mpime. Aliyehamishwa jioni kutoka wodi nyingine, karatasi yake ilinakiliwa na mtu aliyekuwa anawaza kwenda nyumbani, kwa hiyo isome upya ukiilinganisha na ya zamani. Mwenye TB na VVU kwa pamoja ana mzigo wa dawa kutoka kliniki mbili, na mara nyingi kila kliniki inajua za kwake tu. Na yule aliyelazwa wiki ya tatu, ambaye mmemzoea mpaka mnataniana, msimwache: kila siku anayokaa, tunamwongezea kitu.

Kuna dawa nyingine hazihitaji mgonjwa dhaifu ili zidhuru. Insulini, heparini na wofarini za kuzuia damu kuganda, mofini ya maumivu makali, na potasiamu ya mshipani. Hiyo ya mwisho isiguse mshipa bila kuchanganywa kwenye dripu na kupita polepole. Ikisukumwa yenyewe kwa bomba la sindano inasimamisha moyo. Hizi usizitoe bila mwenzio kusoma chupa kwa sauti. Mkiona aibu kusomeana, mtazoea.

Wagonjwa 40 kwa watu wawili ni dhuluma, kwao na kwenu, na sitajifanya kwamba ujanja wa kuhesabu dawa unaiondoa. Lakini mgonjwa akikwambia kitu kipya, hata kama ni cha kuchekesha kama nyenje, usikiandike tu ukafunga faili. Mwamshe mtu.

Shikamoo Babu. Mwaka juzi nililazwa, nikapewa Septrin. Siku ya 10 hivi midomo ikajaa vidonda, macho mekundu, kisha ngozi ikaanza kuvuka kama nimeungua. Nilikaa hospitali mwezi. Sasa nina mimba ya miezi minne na kliniki wameniambia nikameze SP ya kuzuia malaria. Nimewaambia nina mzio wa "dawa nyeupe", nesi akacheka. Pia jirani anasema nikipeleka malalamiko, yule daktari aliyenipa Septrin atafukuzwa. Sitaki hivyo, alinihudumia vizuri. — Mama wa Liwale

Marahaba, mama. Usimeze hiyo SP. Kesho rudi useme neno hili: salfa. Septrin ina salfa na SP ina salfa, na mtu aliyewahi kuvuka ngozi namna yako hapewi tena kitu cha ukoo huo, hata nusu kidonge. Nesi alicheka kwa kuwa dawa nyeupe ni nusu ya stoo. Ukimtajia jina hatacheka. Mwombe aandike kwa wino mwekundu juu ya jalada la kadi yako ya kliniki, maana ukurasa wa ndani hausomwi: MZIO MKALI WA SALFA, NGOZI ILIVUKA. Chini yake andika mwaka. Mumeo na mama yako walijue neno hilo, maana ukija umezimia kadi inaweza kubaki nyumbani. Malaria utaikinga kwa chandarua kila usiku na kupima mara tu homa ikianza. Ukikutwa nayo zipo dawa zisizo na salfa.

Wenye umri wangu wanaikumbuka hofu hii. Mwaka 2001 klorokwini iliposhindwa na SP ikawa dawa ya kwanza ya malaria nchini, dirishani watu walininong'oneza kama ni ile inayobabua. Wengine walililia klorokwini yao, pamoja na kwamba ilikuwa inawawasha usiku kucha mpaka wanajikuna kwa gunzi. Wanaovukwa na ngozi ni wachache sana, ila kwa aliyepata uchache huo haumsaidii kitu.

Kuhusu daktari wako, jirani amechanganya mambo. Kuripoti dhara la dawa si kumshtaki mtu. Utaratibu huu ulizaliwa baada ya mwaka 1961, ilipogundulika kuwa thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito Ulaya na kwingineko, imezaa watoto wasio na mikono wala miguu kamili. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa nchi kukusanya taarifa za namna hii pamoja, na Tanzania iliingia mwaka 1993. Hapa kwetu taarifa zinapokelewa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kwa kanda ya kusini ina ofisi Mtwara. Mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti, na hata usipokuwa na uhakika kwamba ni dawa, shaka inatosha.

Muulize mfamasia wa hospitali ya wilaya fomu ya njano. Anaijaza yeye, wewe unasimulia: ulianza dawa lini, vidonda vilitokea siku ya ngapi, ulikuwa unameza nini kingine, ulipona vipi. Taarifa inabaki siri. Atakuuliza namba ya toleo iliyopigwa pembeni ya boksi, na najua boksi la mwaka juzi ulishawashia moto jikoni. Ajaze bila namba. La safari ijayo lihifadhi.